Mgonjwa wa Kogo

Ule ulikuwa mwaka wa unga wa njano. Wenye umri wangu hawahitaji kuambiwa zaidi. Mahindi yetu yalikauka shambani kabla hayajafika magotini, serikali ikaleta mahindi kutoka nchi za mbali, ya njano kama meno ya mzee wa ugoro, na sisi tukayala asubuhi uji, mchana ugali, jioni ugali tena. Harufu yake ikiwa jikoni ilikuwa kama gunia lililonyeshewa likakaushwa juu ya moshi. Mpaka leo nikipita mahali wanapochemsha hayo mahindi kwa ajili ya nguruwe, naziba pua na kuongeza mwendo.

Juzi nilikuwa Kabianga kwa mjukuu wangu, yule anayefundisha yunivasiti. Nasema anafundisha, hasomi, na mimi shule niliiachia darasa la tatu, kwa hivyo mniache nijivune kidogo. Ana mbwa mdogo mwenye manyoya mengi, anayelala juu ya zulia na kula chakula cha mfuko kinachonuka samaki. Tulikuwa tunakunywa chai. Tumbo la yule mbwa likaanza kunguruma, gruu, likanyamaza, gruu tena, kama maji yanayotafuta njia ndani ya bomba. Nikainamisha kikombe changu nimgawie. Mjukuu akanishika mkono haraka.

"Kogo, usimpe maziwa. Tumbo yake haitaki."

Kogo ni nyanya, kwetu Wakipsigis. Nikarudisha kikombe mezani nikageukia dirisha, akadhani nimekasirika. Sikuwa nimekasirika. Nilikuwa nimerudi Ndanai, mtoto wa kuchunga ndama, nimechuchumaa nyuma ya ghala na sikio langu liko kwenye tumbo la mbwa mwingine.

Yule wetu aliitwa Askari. Hakuwa na manyoya ya kujionyesha. Alikuwa mbwa wa kienyeji wa rangi ya mchanga, mkia kama kamba iliyofumuka, na sikio lake moja lilikuwa limepasuka katikati. Lilipasuliwa na fisi. Fisi aliingia bomani alfajiri moja akitaka ndama, Askari akamng'ang'ania mguu wa nyuma mpaka Baba akatoka na mkuki. Tangu siku hiyo Kogo wangu mimi, nyanya yangu, alimhesabu kama mtu wa nyumbani. Alimsalimia asubuhi. Akiomba kabla ya kula alimtaja pia, baada ya watoto na kabla ya ng'ombe, na mhubiri aliposikia akasema mnyama haombewi hivyo. Kogo akamwuliza kama fisi akija kwake usiku atatoka yeye mhubiri.

Huyo Kogo alikuwa mama mzazi wa Baba, na ndiye aliyekuwa mkubwa wa boma, kwa sababu Baba alichuma majani chai huko upande wa Kericho na alirudi mwisho wa mwezi tu, vidole vyeusi na nguo zinanuka majani mabichi. Mama yangu alikuwa mke wa mtoto wake. Mke wa mtoto siku hizo hakuwa na mdomo mbele ya mama mkwe. Msifikiri Kogo alikuwa mkali, hapana, ndivyo tulivyoishi. Mama akiwa na jambo la kumwambia, aliliambia sufuria. Aliinama pale mekoni akasema na sufuria yake kwa sauti ya wastani, na Kogo akiamua kusikia, alisikia.

Na kwetu kila kitu kilikuwa maziwa. Mgeni akija, maziwa. Mtoto akianguka, maziwa. Watu wakigombana wakipatana, kibuyu kinashushwa. Mursik ya Kogo, yale maziwa lala tunayoyaweka kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, ilikuwa na jina mpaka Sotik. Watu walikuja kwa kisingizio cha kuuliza habari za ng'ombe, kumbe wana kiu. Lakini mgonjwa hakupewa mursik. Mgonjwa alipewa maziwa mabichi, yale ya moto ya kwenye titi, kabla hayajaguswa na kitu chochote. Kogo aliyakamulia kwenye kikombe cha bati chenye povu juu na kuyapeleka mwenyewe, hakumtuma mtu.

Sasa ule unga wa njano ulituvuruga wote. Jumapili kanisani, mhubiri akinyamaza ili neno lituingie, ulisikia matumbo yakimjibu kutoka kila benchi, na la kwake likamalizia. Watoto tulicheka mpaka tukafinywa. Baada ya muda matumbo yetu yakazoea. La Askari halikuzoea.

Alianza kwa kuvimba. Alikula lile gamba la ugali lililobaki chini ya sufuria, ambalo miaka yote lilikuwa lake, kisha akasimama mgongo umepinda juu, kichwa chini, kama anatafuta kitu kilichomdondoka. Tumbo lilikuwa gumu ukiligusa. Upepo aliotoa ungeweza kumfukuza fisi bila yeye kuamka. Alikula nyasi, akatapika povu la njano, akazunguka nyuma ya ghala akaharisha maji, akarudi akiburuta miguu na kututazama kama anayeomba radhi. Hilo ndilo lililonimaliza mimi, yale macho. Mnyama anaumwa na bado anaona aibu.

Kogo alipomwona hivyo, hakuuliza mtu. Asubuhi iliyofuata alikamua, na kikombe cha kwanza, kile chenye povu, akampelekea mbwa.

Mjue kwamba ng'ombe naye alikuwa na njaa. Majani yalikuwa yameisha na titi lilitoa kidogo sana. Kikombe kile kilikuwa ndiyo maziwa ya chai yetu. Kuanzia siku hiyo sisi tulikunywa turungi, nyeusi kama maji ya kufulia, na mdogo wangu alilia kila asubuhi akisema anataka na yeye kuwa mbwa. Majirani walisikia, wakacheka. Walisema mama mzee wa boma lile amechanganyikiwa na njaa. Kogo aliwaacha wacheke.

Askari aliyapenda yale maziwa, jamani. Aliyanywa macho amefumba, akalamba kikombe mpaka kikahama kutoka mlangoni hadi penye kuni, akalamba na vidole vya Kogo. Kwa muda mfupi ungesema amepona. Halafu jua likipanda kidogo nilisikia tumbo linaanza. Nililala kifudifudi na kuweka sikio pale chini ya mbavu, na huko ndani kulikuwa na kelele kama soko la Ndanai siku ya mnada. Kisha mgongo ulipinda, na nyasi, na nyuma ya ghala. Jioni Kogo alimtazama, akatikisa kichwa, akasema ugonjwa huu ni mkaidi, unataka maziwa zaidi. Akaongeza.

Jirani yetu ng'ambo ya kijito alikuwa Mama Nyaboke, mtu wa Kisii. Bwana yake alikuwa seremala pale sokoni. Alikuwa mwanamke mnene wa sauti kubwa aliyekuja kwetu kuomba moto hata wakati moto wake unawaka, kwa sababu alipenda kuongea. Siku moja alikuja wakati Kogo ameenda Sotik kumtazama dada yake aliyekuwa mgonjwa. Akamwona Askari amelala ubavu, mbavu zinahesabika na tumbo kama ngoma. Akamwuliza Mama huyo mbwa anakula nini. Mama akamwambia. Mama Nyaboke akacheka mpaka akashika ukuta.

"Nyinyi Wakipsigis, hata jiwe likilia mtalipatia maziwa," akasema. Kisha akaacha kucheka. Alisema hata mbwa wake alikuwa hivyo, na mama yake kule kwao alimfundisha kumnyima maziwa kabisa na kumpa uji wa wimbi, mwepesi kama maji, na chumvi kidogo tu.

Wimbi tuliyokuwa nayo ilikuwa ya mbegu, imefungwa kwenye kitambaa juu darini. Mama alikitazama kile kitambaa kwa muda mrefu. Halafu akapanda darini akakishusha.

Kwa zile siku ambazo Kogo hakuwepo, Askari alikunywa uji. Siku ya kwanza alinusa akaondoka, akaenda kukaa karibu na ng'ombe akimtazama titi. Baadaye njaa ikamrudisha. Tumbo likashuka. Halikushuka kama uchawi, lilishuka polepole kama mpira wenye tundu dogo, lakini nilipoweka sikio nilisikia kimya, kimya kitamu, na choo chake kikawa kitu unachoweza kuruka bila kukitazama mara mbili. Siku Kogo aliporudi, Askari alibweka. Alikimbia kumpokea mpaka barabarani.

Kogo akasimama na mzigo wake kichwani, akamtazama kutoka mkia hadi pua. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukifunguka vile.

"Mnaona," akasema. "Maziwa yamemshika."

Aliamini ni yale aliyompa kabla ya kuondoka. Hata mzigo hakuweka chini vizuri. Alichukua kikombe akaenda kwa ng'ombe. Nilimtazama Mama. Mama alikuwa ameinamia sufuria. Akaiambia ile sufuria kwamba watu wanasema uji wa wimbi ni mzuri kwa tumbo la mbwa. Kogo kutoka huko nje akasema wimbi ni ya mbegu. Basi yakaishia hapo. Mimi nilifungua mdomo, Mama akanitupia jicho, nikaufunga. Kabla ya jioni Askari alikuwa amepinda mgongo nyuma ya ghala.

Mwisho wa mwezi Baba akaja. Siku hiyo hiyo, mchana kweupe, fisi alikuwa amechukua mwana-kondoo karibu kabisa na ua, na Askari alijaribu kuinuka, akakaa. Nilimwona akijaribu. Baba hakupiga kelele. Alikaa akala ugali wake wa njano, akanawa mikono, akasema akirudi tena mwisho wa mwezi na kumkuta huyu mbwa bado analala, atampeleka msituni. Sisi watoto wa boma tulijua mbwa anayepelekwa msituni anapelekwa na kamba na panga, na anayerudi ni mtu peke yake.

Mwezi mmoja basi. Mama akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alimwambia Mama Nyaboke amchukue Askari akae kwake mpaka Baba arudi. Hakumwomba Kogo. Hakumwambia. Mama Nyaboke alikuja na kamba, akamvuta taratibu mpaka ng'ambo, akamfunga chini ya migomba, na huko akala uji wake, na vipande vya ndizi zilizochemshwa, na siku moja mifupa ya kuku. Nilipoenda kuteka maji nilipitia kwake. Mbavu zilianza kujificha. Alinirukia mpaka maji yakamwagika nikachapwa, na sikujali.

Kogo alijua alipo. Kuna mtu wa kumficha mbwa anayebweka? Hakuuliza swali lolote. Ila jua likianza kushuka nilimwona akiteremka mpaka kwenye kijito na kikombe chake cha bati, amekifunika kwa kiganja, akasimama upande wetu na kumwita. Alimwita kwa sauti ndogo, ile ya kumwamsha mtu asishtuke. Na Askari, ng'ambo, aliposikia ile sauti na upepo ukamletea ile harufu, alijivuta mpaka kamba ikamkaba. Alilia. Huyo ndiye tuliyekuwa tunamwokoa, na yeye mwenyewe alitaka kitu kinachomuua kuliko kitu kingine chochote duniani. Utamlaumu nani?

Mama Nyaboke akavumilia, akavumilia, kisha siku moja akashindwa. Akateremka na mbwa wake, namaanisha mbwa wetu, kamba mkononi, wakasimama kila mtu upande wake, na mimi nikiwa katikati ya maji na mtungi.

"Mama mzee, mimi nakuheshimu," akasema. "Lakini maziwa yako ndiyo inakula huyu mbwa. Angalia vile alivyo. Tangu aje kwangu hajaonja."

"Watu wa ndizi mnajua nini juu ya maziwa," Kogo akamjibu.

"Tunajua ya kutia kwa chai. Wewe angalia mbwa."

Kogo akaangalia. Nami nilimtazama yeye, kwa hivyo najua ninachosema: aliona. Aliziona zile mbavu zilizojaa, na lile tumbo lililokaa mahali pake, na macho yaliyokuwa safi. Kitu fulani kilipita usoni mwake, nikadhani ni hasira, na nikaogopa kwa ajili ya Mama Nyaboke. Kikombe kikainama, maziwa kidogo yakamwagika majini, yakaenda na maji kama kamba nyeupe.

"Mgonjwa wa nyumba yangu hanyimwi maziwa," akasema.

Akaingia majini na nguo zake, akavuka, akamfungua. Mama Nyaboke angeweza kumzuia, alikuwa na nguvu za wanawake wawili, lakini utamshikaje mama mzee mkono? Alibaki na kamba tupu. Askari hakungoja kuitwa. Alitangulia mbele, mkia unazunguka, akirudi nyuma kila hatua kuangalia kama kikombe kinakuja.

Sitawachosha na siku zilizofuata. Tumbo lililopumzika likirudishiwa adui yake huumia kuliko mwanzo. Kogo alimpa maziwa asubuhi na jioni, na alipokataa kula kitu kingine alimpa na mchana. Mama aliacha hata kuongea na sufuria. Mimi nilikaa na Askari nyuma ya ghala nikimsugua tumbo kwa kiganja, kuzunguka, kuzunguka, kwa sababu ndivyo nilivyosuguliwa mimi nilipoumwa, na kwa sababu mikono ya mtoto lazima ifanye kitu. Alinilamba mkono. Ulimi wake ulikuwa mkavu kama jani.

Asubuhi moja nilimkuta mlangoni kwa Kogo. Kogo alikuwa amekaa chini, kichwa cha mbwa kiko mapajani, anamwimbia ule wimbo wa kubembeleza mtoto mchanga. Alikuwa amemtilia maziwa mdomoni na yalikuwa yakitoka upande wa pili, yanashuka kwenye taya, naye anayapangusa na leso yake na kumtilia tena. Askari alikuwa ameshaenda. Hata mimi niliona.

Miaka mingi ilipita kabla sijaelewa nilichokiona pale mlangoni. Nilikuwa nimeolewa, nimejifungua mtoto wangu wa kwanza, Mama akaja kukaa nami. Mtoto aliharisha kidogo, nikaingiwa na wasiwasi, na katika kunituliza Mama akaniambia kitu ambacho hakuna mtu aliyekisema katika boma lile nikiwa mdogo. Baba alikuwa na dada. Aliitwa Chebet. Alikuwa ndiyo anaanza kukimbia, anakimbia na kuanguka, tumbo likamshika, likavimba, likaharisha, halikuachilia. Kogo alimpa maziwa ya moto yenye povu. Alipoharisha zaidi alimpa zaidi. Alimpa kikombe baada ya kikombe mpaka siku mtoto alipoacha kumeza.

Mimi sisemi ni maziwa. Watoto wa siku hizo waliuawa na mambo mengi, maji ya kijito, baridi, homa ambazo hazikuwa na jina, na hakuna aliyejua wakati ule wala atakayejua sasa. Lakini Mama Nyaboke, yule mwanamke mwema wa kelele, alisimama ng'ambo akamwambia Kogo kwamba maziwa yanaweza kumla mgonjwa kutoka ndani huku anayempa anadhani anampenda. Hakujua anachosema. Alidhani anaongea habari za mbwa. Kogo angekubali la mbwa, angelazimika kurudi nalo nyuma mpaka kwa Chebet, na kule hakuna mwanamke anayeweza kwenda akarudi mzima. Mimi mwenyewe nimezika mtoto mmoja. Nisingekubali pia.

Lakini siku tuliyomchimbia Askari shimo sikujua hayo. Nilimchukia Kogo, niseme wazi. Baba alikuwa amefika mchana kutoka Kericho, akakuta kazi yake imekwisha kufanywa. Mbwa hazikwi kwetu, anatupwa, ila Kogo alisema achimbiwe, na Baba akachimba, kando ya ua, pale fisi alipopenda kupitia. Tulisimama pale sote. Udongo ulikuwa mkavu na ulipomwangukia ulitoa sauti kama unga unapomiminwa kwenye debe.

Baba alipomaliza kushindilia, Mama akageuka. Katika maisha yangu yote sikuwa nimemsikia akimwambia mama mkwe wake neno la moja kwa moja. Alimwita kama sisi watoto tulivyomwita, kwa upole sana, akitazama chini.

"Kogo, labda tungemwachisha maziwa."

Baba akaacha kupangusa jembe. Kogo hakugeuka. Alikuwa anatazama ule udongo, kikombe cha bati bado kiko mkononi, na sauti yake haikupanda wala kushuka.

"Mgonjwa wa nyumba yangu hanyimwi maziwa."